Mfalme Alikuwa Wapi?

Kijiwe chenyewe kilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi wa kufuli, pale barabara mbili nyembamba zinapokutana. Mlango ule ulikuwa bado na tundu la ufunguo, na aliyechelewa kufika ndiye aliyekalia tundu. Mbele yake Shangazi, muuza kahawa, aliweka jiko la mkaa na birika la kahawa, na ikifika saa tisa alasiri, kivuli kikishahamia upande wao, wenyewe walianza kuja. Alikuja Hakimu, ambaye miaka thelathini alikuwa tarishi wa mahakama akibeba mafaili ya wenzake, na alipostaafu akaanza kutoa hukumu zake mwenyewe. Alikuja Redio, mpaka rangi, ambaye hakuna aliyewahi kuipata swichi yake. Na alikuja Jongoo, mpagazi wa sokoni, mtu wa mwendo wa polepole hata katika kusema. Neno lake lilichukua muda kufika, lakini likifika limebeba mzigo. Fundi mwenyewe, mwenye kibanda, kwa kawaida aliwasikiliza kupitia dirisha lake la kazi huku tupa ikisugua. Jumatano hiyo alikuwa ameubana ufunguo mmoja kwenye jiliwa tangu asubuhi. Ulikuwa umekwisha kuharibika kabla ya adhuhuri, naye bado anausugua.

— Jamani, nina tatizo, — Redio alisema kabla hajakaa. Nguo zake zilikuwa na madoa ya rangi za kila namna. — Nimepewa ukuta mzima wa shule ya watoto wadogo. Mwalimu mkuu anataka hadithi. Mfalme, binti mfalme, farasi, kasri, na malkia mwovu. Farasi nimemaliza. Kasri nimemaliza. Mfalme nimempa tumbo. Malkia ana gauni, ana taji, ana mikono. Uso hauji.

— Hauji vipi?

— Kila nikimchora anatoka mtu wa kawaida. Jana katoka dada yangu mwenyewe.

— Basi ndiye huyo, — Hakimu alisema. — Kesi imekwisha. Shangazi, kahawa.

— Dada yangu usimguse!

— Mpe macho mekundu, — Jongoo alisema.

— Rangi nyekundu imeishia kwenye paa la kasri.

Shangazi alimimina, vikombe vikapita mkono hadi mkono. Kimoja alikiweka dirishani kwa Fundi kama kawaida. Kile cha jana yake kilikuwa bado pale, kimejaa. Shangazi akakitazama, akamtazama Fundi, akakichukua bila neno.

— Ninyi mnaanza na uso, — Hakimu alisema, akikohoa kama anayefungua kikao. — Anzeni na sababu. Malkia anamchukia mtoto kwa nini? Ni mirathi. Mwanamke ameingia kasrini hana hati ya chumba wala ya jiko. Mfalme akifumba macho, yeye nje. Na mtoto je? Mtoto ndiye hati inayotembea. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Inaingiaje hapo?

— Itaingia tu, uipe muda.

— Si mirathi, — Redio alisema. — Mirathi wanagombania watu wazima. Huyu ana wivu na marehemu. Maana marehemu hazeeki. Kila siku malkia anaamka na kunyanzi jipya, na mwenzake yule ukutani kwenye picha yuko vilevile. Huwezi kuipiga picha kofi. Mtoto ana sura ya picha. Basi! Mwenda pole hajikwai.

— Na hiyo?

— Hiyo nimeipenda tu.

Wakacheka. Ndani ya kibanda tupa ilikwenda, ikarudi, ikakwama.

— Mimi nasema, — Jongoo alisema, kisha akanywa kahawa yake yote kabla ya kuendelea, — malkia ni mmoja.

— Mmoja vipi?

— Katika hadithi zote. Ni mwanamke yule yule. Hadithi ikiisha wanamfukuza. Anafunga kibegi chake, anakwenda hadithi ya jirani, anabisha hodi. Wanamwona, wanasema, aa, ndiye yule. Hata hajavua viatu. Wanamngoja akosee.

— Sasa si aache ubaya wake huko huko njiani?

— Nani atamwamini?

— Huyo hakuzaliwa na mtu, — Redio alisema, maana hakupenda kupitwa. — Sikilizeni. Babu yangu alisema malkia wale walikuwa milango. Ndiyo! Milango ya kasri ikizeeka sana inaota nywele, inashuka kwenye bawaba zake, inaolewa. Ndiyo maana hawana huruma. Mlango haujui nani yuko ndani, nani yuko nje.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, — Hakimu alisema kwa sauti nzito. — Mama amekufa. Malkia ndiye ulimwengu wenyewe. Alikuwa anafanya kazi yake. Namwachia huru.

— Baada ya kumfungia mtoto wa watu?

— Namwachia huru kwa masharti.

Hapo ndipo Shangazi, aliyekuwa akipepea mkaa na kipande cha kadibodi, akaacha kupepea.

— Wanangu, — alisema, — mimi hadithi hizo nimezisikia tangu nina meno ya utoto. Malkia kafanya hivi, malkia kafanya vile. Kuna jambo moja hakuna aliyeniambia. Mfalme alikuwa wapi?

— Mfalme?

— Si ndiye baba? Si ndiye mume? Nyumba ni yake. Mtoto analia, mke analia, yeye alikuwa wapi?

— Vitani, — Hakimu alisema haraka.

— Kuwinda, — Redio alisema. — Wafalme huwinda sana.

— Kalala, — Jongoo alisema.

— Basi tusihangaike, — Redio alisema, akageukia dirisha huku anacheka. — Wenzetu si wana Malkia wao nyumbani! Fundi, kesho mlete akae hapa saa moja tu nimchore uso. Malkia hajambo lakini?

Fundi akaweka tupa chini.

— Ameondoka.

— Kaenda kwao kutembea?

— Ameondoka. Tangu Jumapili.

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Fundi alitoka kibandani akiwa anajifuta mikono kwenye kitambaa cheusi kwa grisi, akaja akakaa mwisho wa ubao, juu ya tundu la ufunguo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kijiweni walimzoea kama wanavyozoea ukuta wa kuegemea. Alimtazama Shangazi.

— Umeuliza mfalme alikuwa wapi, — alisema. — Alikuwa anatengeneza kitasa.

Mambo yenyewe yalianzia hapo hapo kwenye ubao. Mke wake wa kwanza alikufa kwa maradhi ya kifua, akamwachia mtoto wa kike wa miaka mitatu. Fundi hakuwa na dada wala mama wa kumsaidia, kwa hiyo mtoto alikulia kijiweni. Alikaa katikati ya Hakimu na Redio, miguu inaning'inia, Shangazi anampa maziwa ya moto kwenye kikombe cha kahawa, na wazee wanampa hadithi. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Redio, ya malkia aliyesuka nywele. Mfalme alifiwa na mkewe, akaoa malkia mrefu mwenye mikono laini, na kazi ya malkia ikawa kumsuka binti mfalme. Msuko wa kwanza ukafunga kicheko chake. Msuko wa pili ukafunga usingizi wake. Msuko wa tatu ukafunga jina la mama yake, asilikumbuke tena. Ikifika hapo mtoto alikuwa akishika kichwa kwa mikono miwili, na Redio, aliyejua kuipamba hadithi, alikuwa akimwuliza, «Je, unalo bado?» Mtoto anataja jina la mama yake kwa sauti kubwa, wote wanampigia makofi.

Mtoto alipofikisha miaka saba, Fundi akaoa tena. Alioa mshonaji wa barabara ya pili, mwanamke mrefu, mwenye kunyoosha shingo anapotembea, ambaye mume wa kwanza alimwacha kwa kuwa hakujaaliwa mtoto. Siku ya kwanza alipopita mbele ya kijiwe, amefunga kilemba chake juu kama desturi yake, Hakimu alisema, «Inukeni, Malkia anapita.» Wakacheka. Mtoto alikuwa juu ya goti la baba yake.

— Mtoto aliuliza, malkia gani? — Fundi alisema. — Mnakumbuka?

Redio alikuwa anakwangua doa la rangi kwenye ukucha.

— Wewe Redio ukasema, yule yule.

— Yalikuwa masihara, Fundi.

— Najua. Hata mimi nilicheka.

Na huo ndio uliokuwa mwanzo. Jioni hiyo mke wake mpya alipika, akapakua, mtoto akakataa kugusa. Alisema anataka mama mpya aonje kwanza. Fundi akaona ni utoto, utapita. Mwanamke akachukua kijiko, akaonja, akafungua kinywa wazi kumwonyesha. «Ona, nimemeza. Sijafa.» Mtoto akala. Kuanzia siku ile akawa anaonja kila sahani, asubuhi uji, mchana chakula, jioni chakula, miezi minane. Fundi alimwona akionja hata maji.

Nywele zake mtoto hakumruhusu kuzigusa. Alilala amejifunga kitambaa kichwani, kimekazwa kwa mafundo mawili, na mara nyingine alfajiri Fundi alimsikia chumbani akitaja jina la mama yake polepole, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo. Kila wiki mbili Fundi alimpeleka kwa jirani kusukwa. Mke wake alibaki mlangoni na chanuo mkononi. Alikuwa amelinunua jipya siku ya ndoa.

— Ulimwambia nini mtoto? — Shangazi aliuliza.

— Nilimwambia atazoea.

— Mtoto?

— Mke wangu. Mke wangu ndiye niliyemwambia atazoea.

Kisha ikaja habari ya pini. Mwanamke alimshonea mtoto sare ya shule, akaishona siku tatu kwa kuipenda, akasahau pini moja kwenye pindo. Mtoto alipoivaa ikamchoma gotini. Alikuja mbio hadi kijiweni, damu tone moja, anapiga kelele: «Malkia amenichoma!» Hakimu akampokea, akaiweka pini kwenye kiganja, akaisomea mashtaka. Watu wakacheka, wakampa mtoto maziwa. Lakini Fundi alikwenda nyumbani na ile pini, akamwuliza mkewe mbele ya mtoto, «Hii ni ya nini?»

— Alinitazama, — Fundi alisema. — Akasema, mume wangu, wewe hujawahi kusahau ufunguo kwenye kufuli? Mimi nikanyamaza. Badala ya kumwambia mtoto, pini ni pini, nikanyamaza. Usiku ule mtoto hakulala. Wala wa pili. Alikuwa akilia mpaka anatapika. Nikaona nimtulize.

— Ukamtuliza na nini?

— Na kazi ninayoijua.

Alikaa kibandani siku mbili akitengeneza kitasa. Hakununua. Alikichonga mwenyewe, chuma kizuri, ulimi mrefu, akakifunga kwenye mlango wa chumba cha mtoto, akakata ufunguo mmoja tu. Akautia uzi, akamvika mtoto shingoni. Mke wake alikuwa ameketi kwenye cherehani, hatua tano kutoka pale. Alimtazama mumewe akikaza skrubu moja baada ya nyingine. Aliposimama kupisha njia, aliuliza neno moja tu: «Unamfungia nani?» Fundi akasema ni kwa muda. Mwanamke akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga, lakini chini ya sindano hapakuwa na nguo.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, — Shangazi alisema taratibu.

Siku hiyo methali zote kijiweni zilikuwa zimevaa viatu vya wenzao. Hiyo moja ilienea mguuni, na hakuna aliyetaka kuitazama.

— Mtoto akalala? — Jongoo aliuliza.

— Akalala. Wiki tatu. Nikajisifu. Nikasema, unaona?

— Halafu?

— Halafu Alhamisi iliyopita.

Alhamisi asubuhi mtoto alisema anasikia baridi. Fundi akamwambia apumzike, asiende shule, naye akaenda kazini, maana aliitwa upande wa pili wa mji kufungua ghala ambalo mwenyewe alipoteza funguo. Mtoto akaingia chumbani, akajifungia, akalala. Ikafika saa nne homa imempanda. Mwanamke alimsikia akiweweseka. Akabisha. Akamwita kwa majina yote mazuri. Akamwambia, mwanangu, sitaingia, fungua tu nikupitishie maji. Mtoto, katika homa yake, alisikia malkia yuko mlangoni. Akavuta kitanda akakiegemeza hapo.

— Alijaribu kukifungua kwa kisu cha jikoni, kikavunjika, — Fundi alisema. — Akajaribu kwa mkasi wake wa kushonea. Akapiga bega. Majirani wakaja, wanaume wawili, wakashindwa. Dirisha nilishalitia vyuma mwenyewe zamani, kuzuia wezi. Nilikifanya vizuri kile kitasa, jamani. Sijawahi kutengeneza kizuri kama kile.

Kisha akasema bila kumtazama yeyote:

— Saa sita alikuja hapa kunitafuta.

Na hilo wale watatu walilikumbuka kwa pamoja, hata kabla hajamaliza. Alikuja mbio, kichwa wazi, bila kilemba, kiatu mguu mmoja, akauliza Fundi yuko wapi. Siku hiyo walikuwa wamefika mapema, na Redio alipita pale kati ya tabaka la kwanza la rangi na la pili. Ndiye aliyesema, «Leo Malkia katoka kasrini bila taji!» Hakimu akacheka mpaka kahawa ikampalia. Walimwambia yuko kazini, atarudi. Akageuka akakimbia alikotoka, nao wakaendelea na mazungumzo yao. Shangazi siku ile alikuwa amewaachia birika, amekwenda kununua mkaa.

— Sisi hatukujua, — Hakimu alisema. Sauti yake ya mahakamani ilikuwa haipo.

— Hamkumwuliza, — Shangazi alisema.

— Nilifika saa tisa, — Fundi aliendelea. — Mimi niliyekitengeneza ilinichukua nusu saa kukitoa. Yeye muda wote alikuwa sakafuni, mdomo karibu na nafasi ya chini ya mlango, anamwambia mtoto habari. Hakuwa na hadithi. Alikuwa anamwambia jinsi ya kukata gauni. Unapima bega, unapima kiuno, unaacha kidogo kwa ajili ya kukua. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nikafungua, mtoto anawaka kama pasi. Nikambeba mgongoni kwenda hospitali, yeye anakimbia nyuma yetu. Watu wamejaa barabarani. Nikageuka.

— Usiseme, — Redio alisema.

— Nikamwambia mbele ya watu wote: umemfanya nini mtoto wangu?

Mkaa ulipasuka kwenye jiko. Jongoo alivua kofia yake, akaiweka gotini.

— Alisimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau anakokwenda. Nikadhani amerudi nyumbani. Kumbe alikuja nyuma yetu, akakaa nje ya wodi siku mbili, wala hakuomba kuingia. Jumamosi wakaturuhusu, mtoto kapata nafuu. Jumapili asubuhi alifagia nyumba, akachemsha maji ya kuoga mtoto, akatoka na kibegi. Cherehani ameiacha. Sikumzuia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, namwangalia anafunga kilemba chake mbele ya kioo, naambiwa na moyo wangu, simama. Sikusimama.

Redio alikuwa amejiinamia. Mikono yake yenye rangi ilifunika masikio, kama mtoto anayekataa kusikia jina lake likiitwa. Alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake:

— Ile hadithi niliitunga mwenyewe, Fundi. Babu hakuniachia hadithi yoyote. Nilitaka tu mtoto acheke mchana ule. Alikuwa haongei tangu mazishi. Nilipofika msuko wa tatu akataja jina la mama yake, ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti.

— Nakumbuka, — Fundi alisema. — Nilikushukuru.

Hapo ndipo mgeni akatokea. Alikuwa kijana, mashavu yamekauka kwa vumbi la saruji, viatu vina chokaa, begani kamba iliyokunjwa vizuri. Nyuma yake, ukingoni mwa barabara, aliegesha mkokoteni mtupu. Alisimama kwa adabu hatua mbili kutoka kwenye jiko.

— Wazee, hamjambo. Mama, shikamoo. Namtafuta fundi wa kufuli.

— Ndiye mimi, — Fundi alisema, akasimama. Alikuwa ameshamtambua kwa ile shingo. — Karibu, shemeji.

Alikuwa mdogo wa kiume wa yule mwanamke, mwashi, aliyekuja kuchukua cherehani. Shangazi alimsogezea kikombe. Mwashi alishukuru lakini hakukaa. Aliwatazama mmoja mmoja, si kwa hasira. Alikuwa anawatazama kama anavyotazama ukuta uliopinda, akitafuta ni tofali gani.

— Sitawachosha, — alisema. — Mimi si mtu wa maneno. Dada amefika nyumbani Jumapili, tunamwuliza, hasemi. Mama yetu hali vizuri kwa mawazo, anataka ajue kosa ili aombe radhi, maana mtoto akikosa, mzazi ndiye huomba. Tukimwuliza dada, anasema mwulizeni mume wangu. Ndiyo nauliza. Alimfanya nini mtoto?

Hakimu alifungua mdomo. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona akifungua mdomo bila hukumu kutoka. Akaufumba. Jongoo alitazama kofia yake.

— Ilikuwa hadithi tu, — Redio alisema.

— Hadithi ipi?

Redio akatikisa kichwa.

Mwashi alingoja. Alikuwa ametoka mbali na alionekana yuko tayari kungoja zaidi. Mwisho Fundi ndiye aliyesema:

— Mwambie mama, dada yako hana kosa la kuombewa radhi. Hakumfanya kitu. Mimi ndiye nitakuja kuomba radhi, kama mtanipokea.

— Hilo sijaagizwa, — mwashi alisema kwa upole. — La kukupokea wewe litajibiwa na wenyewe. Sijui. Dada haongei, nimekwambia.

Alishusha kamba begani, akaishika kwa mikono miwili.

— Lakini kuna moja kaniagiza yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeshatoka, ameniita nimefika njiani, akanifuata mpaka kwenye mkokoteni. Kasema kabla sijagusa cherehani nikuulize. Mtoto anakula?

Ni swali ambalo mtu yeyote barabarani angeweza kulijibu kuhusu mtoto wake. Fundi alisimama nalo. Jumapili mchana alipika mwenyewe, akapakua, akaweka sahani mbele ya mtoto. Mtoto alikaa akitazama mlango wa jikoni. «Nani ataonja?» aliuliza. Fundi akachukua kijiko, akaonja, akafungua kinywa kumwonyesha. Mtoto akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaisukuma sahani. «Siyo wewe, baba.» Jumatatu jirani alileta chakula, jirani akaonja. «Siyo wewe.» Jana hivyo hivyo. Alikuwa anakunywa maziwa tu, na leo asubuhi hata maziwa aliyanusa akayaacha. Ametia mkono chini ya kitambaa cha kichwani, anachezea nywele zilizoanza kufumuka, hasemi anamtaka nani.

Hayo yote yalikuwa mdomoni mwa Fundi, na hayakutoka.

— Shemeji, — mwashi alisema tena, polepole, kama anayeuliza njia. — Mtoto anakula?

Shangazi alifunika birika, akaanza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo havijaisha.

— Kahawa imekwisha, — aliwaambia wale watatu. — Nendeni nyumbani kwenu.

Birika lilikuwa bado zito. Hakimu aliondoka wa kwanza, kisha Jongoo. Redio alisimama kidogo mbele ya Fundi, akaenda.

Fundi hakufunga kibanda. Alitangulia, mwashi akafuata akisukuma mkokoteni, gurudumu moja likilia njia nzima, na walipofika mlangoni kwake alikuwa bado hajajibu.